Kizibo cha Tulizana

Enzi zile, hapa Maskati, wenzetu wa Matrah walikuwa wakivishwa nguo za Ijumaa wakapelekwa Qurum kupanda bembea na kula aiskrimu. Sisi watoto wa Bwana Salim, Ijumaa yetu ilinuka dizeli. Jumamosi asubuhi, wakati rafiki zangu wa skuli wakihadithiana nani kapanda bembea gani na nani kaanguka, mimi nilikuwa nimeficha mikono chini ya dawati. Grisi ikishaingia kwenye kucha haitoki kwa sabuni ya kufulia wala ya kuogea, na mwalimu wetu alikuwa na macho ya kipanga.

Baba alikuwa na boti. Nikiwaambia hivi wanangu leo, hufikiri babu yao alikuwa tajiri, akikaa juu ya viti vyeupe na miwani ya jua. Wallahi wangeiona! Ilikuwa boti kuukuu ya faiba, urefu wake hatua kumi na mbili za Baba, aliyouziwa na mhandisi mmoja wa kigeni aliyemaliza kazi akawa anarudi kwao. Mbele ilikuwa na chumba kimoja chenye godoro la pembetatu, katikati jiko la gesi la macho mawili, pembeni choo chenye ukubwa wa kabati la nguo, na chini ya sakafu ya nyuma injini ya dizeli iliyokuwa ikikohoa kila ikiamshwa.

Baba alikuwa karani serikalini. Alitoka Unguja angali kijana, na alikuwa akisema kwamba mtu wa kisiwani akikaa mbali na chombo hupata maradhi yasiyo na dawa hospitali. Mama alikuwa akimjibu kuwa maradhi hayo yana jina, yanaitwa ukaidi.

Siku alipotupeleka kuiona, ilikuwa imefungwa gatini upande wa Sidab, rangi imebabuka kama mgongo wa mtu aliyeungua na jua. Mama aliitazama kutoka omo hadi tezi, mbele mpaka nyuma, taratibu, mkono kiunoni.

"Baba Nassor, hebu niambie kweli. Umeniletea mke mwenza?"

"Astaghfirullah! Hii ni nyumba yetu ya pili tu."

"Nyumba ya pili ni nini, kama si mke mwenza?"

Baba akacheka peke yake. Siku ya pili yake akanunua kopo la rangi nyeusi, akaandika ubavuni kwa mkono wake jina alilolichagua: Tulizana. Sijui alikuwa akimwambia Mama au akiiambia boti. Hakuna kati yao aliyemsikiliza.

Miaka ile mapumziko yetu yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Alkhamisi, baada ya chai tu, tulipakia gari: madebe ya maji, mtungi wa gesi, kapu la vyakula, matambara, na daftari la skuli ambalo Baba alikuwa ameandika humo orodha ya kazi. Daftari lile lilikuwa na heshima ya pekee mle ndani. Kila kitu cha Tulizana kilikuwa na mstari wake: kamba, nanga, mafuta ya injini, mkanda, chujio la maji ya bahari, betri, pampu, kizibo. Kila mstari ulitiwa alama ya vema kabla boti haijafunguliwa kamba.

Kaka yangu Nassor, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa na kamba na mipira ya ubavuni inayozuia boti isisuguane na gati. Mimi nilipewa ngama. Kwa msiojua, ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo, ambapo maji yote huishia, ya mvua, ya kuoshea, ya kuvuja. Nilipewa kwa sababu mkono wangu ulikuwa mdogo, ukipenya kati ya injini na ubavu, mahali ambapo mkono wa Baba ulikuwa ukikwama kiwiko. Nilikuwa nalala kifudifudi, kichwa chini, miguu juu, nikizoa uchafu kwenye chujio la pampu, nikifua maji yaliyobaki kwa kopo la maziwa, nikikausha kwa tambara. Mama akipita husema, "Mtoto wa kike huyo, mnamuona? Siku ya kuposwa nitasema anajua kupika na kufua ngama."

Alkhamisi usiku tulilala humo humo, na maisha ya mle ndani yalikuwa na sheria zake. Maji matamu yalikuwa ya kunywa, chai na kusuzia, basi. Sahani zilioshwa kwa maji ya bahari, zikasuzwa kwa kikombe kimoja. Kikombe kimoja, sahani zote! Leo binti yangu hufungulia maji ya bomba akasubiri yapate moto, huku anatazama simu, na yale yanayokwenda na shimo yangetosha familia yetu Alkhamisi na Ijumaa na wageni juu. Gesi ilifungwa kwenye mtungi kila mtu akimaliza kupika, hata kama kuna mwingine anataka kupika dakika ile ile. Viatu vilibaki gatini. Mkate wa kumimina ulifunikwa, la sivyo ukila unatafuna chumvi.

Choo ndicho kilichokuwa mtihani. Kilikuwa na pampu ya mkono, na sheria ya Baba ilikuwa mtu apige pampu mara ishirini kisha afunge valvu. Mara moja alikuja shangazi yetu Bi Thuwaiba, mwanamke wa heshima zake, ushungi umepigwa pasi. Akaingia, akakaa, akamaliza haja yake, khalafu kwa kuogopa kukosea akaanza kuhesabu kwa sauti. "Moja! Mbili! Tatu!" Kuta za choo kile zilikuwa nyembamba kama bati la mkate. Watu wa boti ya jirani nao wakatega masikio. Alipofika kumi na tisa akapotea hesabu, akaanza tena moja. Alipotoka, bwana mmoja boti ya pili akapiga makofi, na shangazi hakurudi tena Sidab mpaka tulipouza.

Fundi wetu alikuwa Bwana Hamdan, mtu wa hapo hapo Sidab, mwenye kibanda cha kutengenezea maboti hatua chache kutoka gatini. Kiswahili hakukijua. Alijifunza kwetu, kidogo kidogo, kama mtu anayeokota vifungo. Kauli yake kubwa ilikuwa, "Bahari hapana lala." Maana yake, wewe ukilala bahari haijalala, inakula chuma, inakula mbao, inakula kamba. Na jua la Maskati likisaidia. Kitambaa cha kivuli ulichotundika mwaka huu, mwaka ujao ukikigusa kinapasuka kama karatasi. Kwa hiyo kazi haikwisha: kusuuza injini kwa maji matamu, kupaka grisi, kupiga faiba nta mpaka ing'are, kubadilisha kamba iliyoota manyoya. Na mwisho wa kazi, chai ya maziwa yenye hiliki kutoka chupani, na vitumbua vya Mama. Sijapata kula vitumbua vitamu namna ile, na nadhani ni ule mkono wenye grisi uliokuwa ukivishika.

Mama lakini alikuwa na sharti lake. Angepika botini, angefagia, angekaa kivulini akishona kofia, maadamu kamba zimefungwa. Baba akiamsha injini tu kwa kutoka, Mama hushuka gatini, na sindano yake na kofia yake, akaenda kukaa na mke wa Bwana Hamdan mpaka turudi. Alitoka Unguja kwa meli, akatapika siku zote za safari, na aliponyanyua mguu kukanyaga Matrah aliapa kuwa yeye na bahari wameshaandikiana talaka. Miaka minne tangu tuwe na boti alishika kiapo chake. Baba akimbembeleza, humjibu kwa maneno ya wazee wetu: "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nishafika ngamani, siendi tena tezi wala omo."

Sasa, mara moja kwa mwaka Tulizana ilipandishwa nchi kavu kwa winchi. Hapo ndipo tulipokuwa tukiona siri zake. Chini kote kuliganda vijikombe vigumu vya baharini vinavyokata kama wembe, na majani ya kijani yenye utelezi. Tulikwangua wiki nzima, kila jioni Baba akitoka kazini, sisi tukitoka skuli. Kisha ndipo ikapakwa ile rangi nyekundu inayokataza viumbe kuganda. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi nilikwenda skuli mikono yote myekundu, mwalimu akauliza nani kaolewa kwetu.

Mwaka ule boti ilipendeza. Baba alikuwa ameisugua mpaka mtu angejitazama humo akafunga kilemba. Mama alikuja kutuletea chakula, akasimama chini yake, akamwona mumewe kalala chali chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ndevu zote nyekundu, anaimba peke yake. Akamtazama kitambo.

"Baba Nassor."

"Naam."

"Siku ya kuishusha, nitakuja."

"Si unakuja kila siku?"

"Nitatoka nayo."

Baba aliinuka ghafla, akajigonga kichwa kwenye mkuku. Mpaka leo nikifunga macho naona ile sura yake, anashika utosi, anacheka na kulia maumivu kwa pamoja.

Chombo kikiwa nchi kavu hufunguliwa kizibo. Ni kitu kidogo tu cha shaba, unene wa kidole gumba, kinaziba tundu lililo chini kabisa nyuma, ili maji ya ngama yatoke chombo kikiwa juu. Kukifungua na kukifunga, daftarini ilikuwa kazi ya Nassor, lakini kwa mkono wangu mdogo nilikuwa nikimfanyia mimi. Basi kwa kuwa Mama anakuja, nami nilitaka kila kitu king'are. Asubuhi ile ya kushusha nikakichukua kizibo, nikakisugua kwa ndimu na majivu mpaka kikawa kama dhahabu, nikakitia mfukoni mwa gauni langu la kazi. Mama akaniita. "Njoo ubadilishe gauni, hutoki na mimi baharini kama mtoto wa gereji." Nikabadilisha. Gauni la kazi likatupwa kwenye kapu la nguo chafu, ndani ya gari.

Nassor alikuwa na daftari mkononi, anapita mstari kwa mstari.

"Kizibo?" akanipigia ukelele.

"Tayari!" nikamjibu. Sikudanganya kwa makusudi. Kwangu mimi kilikuwa tayari, kwa sababu kilikuwa kimeng'ara. Akatia vema.

Tulizana ikashushwa. Kamba zikafunguliwa. Mama amekaa nyuma, kashika chuma kwa mikono miwili, midomo inasoma. Pampu ya ngama ilikuwa ikitema maji ubavuni tangu tulipoondoka, Baba akasema ni maji ya kuoshea yaliyobaki, yatakwisha. Majabali ya Sidab yakaanza kubaki nyuma, bahari ilikuwa shwari kama mafuta, Mama akaachia mkono mmoja. Baba akamwona, nami nikamwona Baba anavyomtazama. Nadhani sijapata kumwona na furaha ile tena.

Khalafu ile pampu ikanyamaza. Baba akasema, "Mnaona? Yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Makapi ya rangi tuliyokwangua yalikuwa yameziba chujio. Mama ndiye aliyeona, kwa nyayo zake.

"Baba Nassor," akasema, kwa sauti ya chini sana, "huku miguuni kwangu kuna maji. Ndivyo inavyokuwa?"

Baba akainua ubao wa sakafu. Maji yalikuwa yamefika kwenye mkanda wa injini, mkanda unayarusha juu kama mvua. Akageuza boti papo hapo kuelekea Sidab, akaanza kupiga kelele: Nassor ashike usukani, mimi nifue maji, nani kagusa valvu ya choo, nani kagusa bomba! Alikuwa anatafuta kila mahali. Na mimi, kopo la maziwa mkononi, nilipeleka mkono mfukoni. Mfuko wa gauni jipya. Ulikuwa mtupu. Pale pale nikajua.

Mama aliinuka. Mwanamke yule aliyekuwa akiogopa hata boti iliyofungwa kamba, alipiga magoti kwenye maji yenye mafuta, akanishika bega.

"Zuwena. Tundu liko wapi?"

Nikanyoosha kidole. Kule nyuma, chini ya injini. Sikufikiri hata kidogo. Akanitazama macho kwa macho, mara moja, kisha akageuka kwenye kapu lake la vyombo. Akatoa mchi mdogo wa kinu cha kutwangia thomu, wa mti, mwembamba kichwani mnene chini. Akachana pindo la mtandio wake kwa meno, akauzungushia ule mchi, akalala kifudifudi pale pale nilipokuwa nikilala mimi, uso wake kando ya injini inayonguruma. Mkono wake ulikuwa mwembamba. Ulipita. Nikamwona anasukuma, anapiga kwa kiganja, anasukuma tena.

"Bismillahi," nikamsikia. "Bismillahi. Kaa humo, mwanaharamu we!"

Ndiyo mara pekee maishani niliyomsikia Mama akitukana.

Maji yakaacha kupanda. Tukafua kwa kopo, kwa sufuria, kwa kapu la maandazi lililokuwa limefungwa nailoni. Tulipofika gatini Bwana Hamdan alikuwa amesimama anatungoja, maana ameona boti inarudi imekaa chini kwa nyuma kama kuku anayetaga. Akaingia, akatazama ngamani, akatazama mchi, akasema kwa Kiarabu kuwa miaka yote ya kazi yake hajaona tundu la boti limepikwa.

Hapo ndipo Baba alipopata mahali pa kuutua woga wake. Akalichukua lile daftari, akalifungua.

"Nassor! Hii nini? Umetia vema. Umetia vema kwenye kizibo! Mama yako, mara ya kwanza katika miaka minne! Ulitaka kutuua sote? Huna akili, huna amana, na boti hii hutopanda tena!"

Watu wa maboti mengine walikuwa wametoka. Bwana Hamdan akawa anatazama vidole vya miguu yake. Nassor aligeuza macho akanitazama mimi. Nilimngojea aseme. Alikuwa na haki ya kusema. Akashuka gatini, akaenda kukaa ndani ya gari, na mimi nikabaki na kopo langu la maziwa.

Siku ya pili yake Mama alifua nguo. Alkhamisi iliyofuata tulikwenda Sidab bila ya Nassor. Na Mama, cha ajabu baada ya yaliyompata, akaja. Alikaa akashona kofia, na kila mara akiinua macho kutoka kwenye sindano aliniuliza jambo moja tu.

"Zuwena, huna la kusema leo?"

"Sina, Mama."

"Haya."

Alkhamisi ya pili ikawa vile vile. Nyumbani Nassor hakuninunia hata kidogo, na ndiyo iliyoniunguza zaidi. Alinigawia karanga zake. Nililala nikiomba apate homa, au nipate mimi.

Alkhamisi ya tatu tulikuwa gatini, Baba yumo ngamani nusu, anabana bomba, nami ninamsaidia pale mkono wake usipofika. Tukamaliza. Akanipangusa shavu kwa kitambaa chake.

"Mwanangu Mungu akubariki," akasema. "Laiti kaka yako angekuwa makini kama wewe."

Jikoni, Mama alikuwa akikaanga changu. Mwiko ulisimama. Hakugeuka.

Sijui maneno yalitokaje. "Baba, si Nassor. Ni mimi. Kizibo nilikuwa nacho mimi, mfukoni. Aliniuliza nikamwambia tayari."

Baba alitoka ngamani taratibu, akakaa juu ya sakafu, mikono ya grisi juu ya magoti. Samaki alikuwa anaungua, hakuna aliyemshughulikia. Kisha Mama akazima gesi, akafungua fundo la ncha ya kanga yake, akakitoa kizibo, king'aacho kama siku ile, akakiweka mbele ya Baba.

"Nilikikuta kwenye beseni la nguo," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu aliponionesha tundu. Nilitaka aje mwenyewe."

"Na mimi je? Umeniacha wiki tatu nimedhulumu mtoto?"

"Na wewe pia nilitaka ufike mwenyewe. Hukumuuliza hata neno moja, Baba Nassor. Ulimhukumu kwa daftari."

Nilikuwa nimeshajiandaa kupigwa. Badala yake Baba alivaa viatu, akaingia ndani ya gari vile alivyo, grisi mpaka usoni, akatuambia tupande. Akaendesha moja kwa moja mpaka Matrah. Nassor alikuwa uchochoroni kwetu anacheza mpira na wenzake. Baba akasimamisha gari katikati ya uwanja wao, akashuka, watoto wote wakatawanyika ukutani wakidhani leo kuna mtu anakatwa masikio.

"Nassor, mwanangu, njoo."

Nassor akaja, mpira kwapani.

"Nilikudhulumu," Baba akasema, na hakuteremsha sauti. "Nilikutukana mbele ya watu, kwa kosa lisilokuwa lako. Basi nakutaka radhi mbele ya watu. Nisamehe, baba."

Nyinyi mliokua zama zetu mnajua. Mzee kumtaka radhi mtoto! Tungelisikia jua limechomoza magharibi tusingestaajabu vile. Nassor alisimama, shingo nyekundu, hajui aweke wapi ule mpira. Mwishowe akasema, "Haidhuru, Baba," akaubusu mkono wake, akabaki na grisi puani. Wenzake walimcheka mwezi mzima kwa lile baka, na aliwaacha wacheke.

Jioni nilimfuata mimi peke yangu, nikamwomba msamaha, nikamuuliza kwa nini hakunisema. "Wewe ukigombwa unalia mpaka watu wanakosa kula," akasema. "Mimi masikio yangu yameshazoea."

Adhabu yangu ilikuja, msidhani niliponyoka. Mwezi mzima nilisoma orodha yote ya daftari kwa sauti kabla ya kila safari, na kila kitu nilikwenda kukigusa kwa mkono, mbele ya Bwana Hamdan, ambaye alikuwa akiitikia "Sahih!" kama yumo kwenye maulidi. Mama naye hakurudi tena kukaa gatini. Alisema bahari imejaribu ikashindwa, sasa wako sawasawa. Alikuwa akitoka nasi kila wiki, akitapika akinawa akiendelea na kofia yake.

Tulizana iliuzwa magoti ya Baba yalipochoka, nasi tumeshakuwa watu wazima. Yeye mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Mama yupo, nnaishi naye Qurum, macho yamepungua lakini ulimi uko pale pale. Siku hizi maboti nayo yamekuwa mabwana. Nilialikwa juzi kwenye boti ya mfanyakazi mwenzangu. Ina kiyoyozi, ina jokofu, ina choo cha kubonyeza kitufe. Kuna watu huja kuiosha, wengine huja kutazama injini, yeye mwenyewe hajui ngama iko wapi. Nilimuuliza kizibo, akadhani nataka kufungua chupa. Vijana waliokuwamo walipiga picha omo mpaka jua likatua, kisha wakauliza kama kuna intaneti. Nilicheka, na sikuwalaumu. Tungelipata sisi kitufe cha choo, Bi Thuwaiba asingeliaibika.

Lakini nyumba yangu ina vyumba sita. Wanangu huniandikia ujumbe kutoka ghorofa ya juu kuniuliza kama chakula kiko tayari. Akikasirika mmoja, anafunga mlango wake, na naweza kumaliza siku mbili sijui amekasirikia nini, wala kakosewa na nani. Nassor anakaa mwendo wa dakika kumi kwa gari, na tunaonana harusini na matangani. Sote tuna nafasi sasa, alhamdulillahi, tumeitafuta na tumeipata. Zamani tulilala wanne juu ya godoro moja la pembetatu, miguu imekutana katikati, na mtu hakuweza hata kununa bila ya goti lake kumgusa mwenzake.